Choo cha Uani: Ukarabati Unaoanzia Chini

Choo cha shimo kina sehemu tatu zisizochakaa kwa mwendo mmoja: shimo lenyewe, sakafu inayolifunika, na banda linalomsitiri mtumiaji. Banda ndilo linaloonekana, kwa hiyo mara nyingi ndilo linaloguswa kwanza. Bati lililoota kutu hubadilishwa, ukuta hupigwa lipu na rangi, mlango mpya hufungwa, na familia huhesabu kwamba choo kimekuwa kipya. Huku chini magogo yaliyobeba sakafu yanaendelea kuliwa na mchwa, na shimo lililobakiza nusu mita tu kujaa linaendelea kupokea. Ukarabati wa maana hufuata njia ya kinyume. Hupimwa shimo, hutengenezwa sakafu, huwekwa njia ya hewa, ndipo fedha iliyobaki ielekezwe kwenye kuta.

Tanzania ina historia ndefu na vyoo hivi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusikiliza, iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2, na kuchimba choo kulikuwa miongoni mwa kazi zilizohimizwa. Namna ya ujenzi iliyozoeleka vijijini tangu enzi hizo haijabadilika sana: shimo, magogo juu yake, udongo ulioshindiliwa, na ukuta wa miti iliyokandikwa. Choo cha aina hiyo si cha kudharauliwa, maana kinatenganisha kinyesi na watu, na ndilo jambo kubwa. Mapungufu yake ni machache na yanajulikana: sakafu isiyooshika, tundu lililo wazi kwa nzi, harufu, na hatari ya kudidimia. Yote hayo yanarekebishika bila kubomoa kila kitu.

Swali la kwanza ni kama choo kinastahili kukarabatiwa au kifungwe. Shimo hupimwa kwa kamba iliyofungwa jiwe, au mti mrefu, kupitia tundu. Kinyesi kikiwa kimebakiza sentimita 50 kufika chini ya sakafu, shimo hilo limemaliza muda wake, na fedha yoyote itakayowekwa juu yake ni fedha iliyotupwa. Kama nafasi bado ipo, umri uliobaki unaweza kukadiriwa. Mtu mmoja hujaza wastani wa lita 40 hadi 60 za kinyesi kilichokwisha kushuka na kuoza kwa mwaka. Kiwango cha chini ni cha mahali ambapo watu hujisafisha kwa maji, cha juu ni cha mahali yanapotumika makaratasi, majani au magunzi. Familia ya watu sita yenye shimo la mduara la upana wa mita 1.2, kwa lita 60 kila mtu, hupandisha usawa wa kinyesi kwa sentimita 32 hivi kila mwaka. Shimo la mita 3, likiondolewa zile sentimita 50 za juu, litaihudumia karibu miaka minane. Kwa lita 40, muda huo unakaribia miaka kumi na miwili. Taka zikitupwa humo, hesabu yote huvurugika.

Baada ya kina, huangaliwa mahali. Kipimo kinachotumiwa sana ni mita 30 kati ya choo na kisima, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko unaoelekea kisimani. Kitako cha shimo kinatakiwa kibaki angalau mita 1.5 hadi 2 juu ya usawa wa maji ya ardhini wakati wa masika, si wakati wa kiangazi. Sehemu nyingi za pwani hazitoi nafasi hiyo, kwa sababu maji hupatikana baada ya kuchimba kidogo tu. Hapo shimo huchimbwa fupi na kuinuliwa juu ya ardhi kwa tofali, na mtumiaji hupanda ngazi. Choo cha zamani kilichochimbwa hadi kwenye maji, kikiwa jirani na kisima cha kunywa, hakirekebishiki kwa saruji wala rangi. Kinafaa kuhamishwa.

Dalili za kudidimia nazo huonekana kwa macho: ufa unaoanzia kwenye kona ya sakafu, ukuta ulioinama upande mmoja, udongo wa nje uliobonyea, au sakafu inayotikisika mtu anapokanyaga. Udongo ndio unaoamua mengi. Udongo mgumu mwekundu unaweza kusimama miaka mingi bila kujengewa ndani, lakini kichanga cha pwani humomonyoka, na udongo mweusi wa mbuga hutanuka ukilowa na kupasuka ukikauka. Shimo lililojengewa kwa mawe, tofali, matairi au mapipa lina uhai mwingine kabisa, na kulijua hilo mapema huokoa gharama.

Hapa kuna jambo ambalo halipaswi kubishaniwa: hakuna kazi ya ukarabati inayotosha kumshusha mtu ndani ya shimo lililokwisha kutumika. Kinyesi kinachooza hutoa haidrojeni salfaidi, kaboni dayoksaidi na methani, na hewa ya oksijeni humo huwa haba. Haidrojeni salfaidi ina hila ya peke yake, kwa kuwa ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani harufu imekwisha. Aliyeshuka huzirai kabla ya kupiga kelele, na anayemfuata kumwokoa huanguka vilevile. Kwa sababu hiyo shimo bovu lisilojengewa halijengewi kwa ndani baada ya kutumika. Kinachowezekana ni kuimarisha mdomo wake kutoka nje: sakafu huondolewa, udongo unaozunguka mdomo huchimbwa kwa kina cha nusu mita hivi, na mkanda wa zege au tofali hujengwa pande zote ili uzito wa sakafu na kuta ukae juu ya ardhi ngumu. Udongo ukiwa dhaifu mno, shimo jipya huchimbwa pembeni, hujengewa tangu mwanzo, na banda la zamani huunganishwa nalo kwa bomba.

Shimo lililojengewa linaweza kupakuliwa na kutumika tena. Mijini kazi hiyo hufanywa na gari la kunyonya majitaka, ilimradi barabara inafika. Penye vichochoro vyembamba hutumika pampu za mkono. Moja yake ni Gulper, iliyobuniwa na Steven Sugden wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, ambayo vikundi vya wapakuaji wa Dar es Salaam vimeitumia. Shimo ambalo halikujengewa ni hatari kulinyonya hadi chini, kwa kuwa kuta zake zilikuwa zikiegemea kile kilichoondolewa, na zinaweza kuporomoka pamoja na banda. Chupa, nguo kuukuu, nepi na taulo za kike huziba mpira wa kunyonyea, na mpakuaji hulazimika kuzivua kwanza kwa ndoano ndefu.

Ipo njia ya tatu inayofahamika sana katika mitaa isiyopimwa: kutapisha choo wakati wa mvua. Ukuta wa shimo hutobolewa, au hufunguliwa bomba lililofichwa, na mafuriko hubeba kinyesi hadi mitaroni. Mwenye nyumba huokoa malipo ya gari, na mtaa wa bondeni hupokea kipindupindu. Ukarabati unaoacha tundu la kutapishia haustahili kuitwa ukarabati, na fundi anayeombwa kulijenga ana kila sababu ya kukataa.

Baada ya shimo huja sakafu, na hapa ndipo fedha kidogo huleta mabadiliko makubwa kuliko mahali pengine popote. Sakafu ya udongo hubaki na unyevu, na katika unyevu huo viluwiluwi vya minyoo ya safura husubiri nyayo zisizo na viatu na kupenya ngozi. Sakafu ya zege laini iliyoinamia tundu huoshwa kwa ndoo moja ya maji na kukauka. Kwa sakafu ya zamani ambayo magogo yake bado ni mazima, haihitajiki hata kuibomoa. Mwaka 1979 nchini Msumbiji, Björn Brandberg alianza kazi iliyozaa vibamba vya saruji vya bei nafuu, na kimojawapo ni kile kidogo cha sentimita 60 kwa 60 chenye tundu na sehemu za kuweka miguu, kilichoenea kwa jina la SanPlat. Kibamba hicho hulazwa juu ya sakafu iliyopo, pembezoni hupigwa lipu, na choo cha magogo na udongo hupata sehemu safi pale hasa panapochafuka. Masharti ni kwamba magogo yachunguzwe kwa kuchomwa na ncha ya panga au bisibisi. Mti ulioliwa na mchwa huingia kama mkate, na hapo kibamba hakitoshi.

Magogo yakiwa yameoza, sakafu yote huondolewa. Kazi hii hufanywa na watu wawili au zaidi, wakiwa wamesimama juu ya mbao ndefu zinazovuka shimo na kukaa kwenye ardhi imara, huku watoto wakiwa mbali. Vipande huvutwa kutoka pembeni, havivunjwi kwa kusimama katikati. Ikifika jioni shimo halijafunikwa, mbao hupangwa juu yake na kuwekewa mawe, na uzio wa miti huzungushwa.

Sakafu mpya ya zege yenye upande wa mita 1.5 hukaa vizuri juu ya shimo la mita 1.2, ikiegemea sentimita 15 kila upande. Unene wa sentimita 8 unatosha. Mchanganyiko unaofaa ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu, na kwa ukubwa huo humaliza takriban mfuko mmoja na nusu wa kilo 50. Nondo za milimita 8 hupangwa kila baada ya sentimita 15 kwa pande zote mbili, nazo huchukua nondo tatu za mita 12, pamoja na waya wa kufungia. Kosa linalorudiwa na mafundi wengi ni kulaza nondo chini kabisa ya fomu, au kuziweka karibu na uso wa juu. Mahali pake ni chini ya katikati ya unene, zikiwa zimeinuliwa kwa vijiwe vya sentimita 2 hadi 3, kwa sababu zege linalobeba uzito huvutika na kupasuka upande wa chini. Zikigusa fomu, mvuke wa shimo huzifikia na kuzitia kutu. Mchanga wa baharini wenye chumvi nao huharakisha kutu hiyo, jambo la kuangaliwa sana pwani na visiwani.

Kosa jingine ni haraka. Zege hutakiwa kubaki limelowa kwa muda usiopungua siku saba, likifunikwa kwa magunia, majani ya mgomba au karatasi ya nailoni, na kumwagiwa maji asubuhi na jioni. Zege lililoachwa kukauka juani siku ya pili hupoteza sehemu kubwa ya nguvu lililostahili kupata, na hakuna dawa ya baadaye. Sakafu kamili ya ukubwa huo hupita kilo 400. Ndiyo maana mafundi wazoefu huimwaga chini, pembeni ya choo, katika vipande viwili au vitatu vyenye vishikio vya nondo, kisha vipande huburutwa hadi mahali pake na kuunganishwa kwa udaka hafifu wa chokaa na mchanga. Uzito wa kila kipande hupungua, na siku shimo likijaa sakafu inaweza kung'olewa.

Tundu lina kipimo chake. Upana usizidi sentimita 16 hadi 18, urefu ukaribie 40. Upana mkubwa zaidi ni hatari kwa mtoto mdogo, na hofu ya kutumbukia ndiyo huwafanya watoto wengi wajisaidie nyuma ya nyumba, hata kama choo kipo. Palipo na maji ya uhakika, tundu linaweza kubadilishwa kwa sinki la kuchuchumaa lenye mkono wa maji, ambao huzuia harufu na nzi kwa maji yanayosimama ndani yake, na huhitaji lita moja hadi tatu kila linapotumika. Palipo na uhaba wa maji, kipo kifaa cha plastiki kiitwacho SATO, kilichoanzia Bangladesh na sasa kuuzwa Afrika Mashariki. Kina kifuniko chenye uzito kinachofunguka maji yanapomwagwa na kujifunga chenyewe. Huwekwa kwenye tundu la sakafu ya zamani kwa saruji kidogo tu.

Choo ambacho tundu lake hubaki wazi kinahitaji bomba la hewa, na namna linavyofanya kazi inastahili kueleweka, kwa sababu mabomba mengi yanayoonekana juu ya vyoo ni pambo tu. Mfumo huo uliendelezwa miaka ya 1970 katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na Peter Morgan wa Blair Research Laboratory. Upepo unaopita juu ya mdomo wa bomba huvuta hewa kutoka shimoni, na hewa safi hushuka kupitia tundu la choo kuchukua nafasi yake, hivyo harufu hutoka juu ya paa badala ya ndani ya banda. Nzi huvutwa na harufu kwenye mdomo wa bomba lakini huzuiwa na wavu. Wachache walioingia kupitia tundu na kuzaliana humo hufuata mwanga, na mwanga pekee shimoni ukiwa ni ule wa bomba, hupanda hadi kwenye wavu na kufia hapo. Katika jaribio la Morgan la siku 78 mwaka 1975, choo kisicho na bomba kilitoa nzi 13,953. Chenye bomba na wavu kilitoa 146.

Kutokana na hayo, masharti ya bomba hujieleza. Liwe la inchi 4 angalau, na la inchi 6 mahali penye upepo hafifu. Lisimame wima bila kona, kwa kuwa kona huzuia mwanga. Lipite paa kwa sentimita 50. Wavu uwe na matundu ya milimita 1.2 hadi 1.5, wa nyuzi za kioo zilizopakwa plastiki au wa chuma kisichoshika kutu. Waya wa kawaida huliwa na gesi ya shimo upesi. Ndani ya banda pawe na kiza cha kutosha, na tundu lisifunikwe kwa mfuniko unaoziba kabisa, la sivyo hewa haina pa kuingilia. Juu ya mlango huachwa uwazi wa mara tatu ya mdomo wa bomba: kwa bomba la inchi 4, uwazi wa sentimita 5 kwa upana wote wa mlango wa sentimita 60 unatosha. Banda likielekea upepo unakotoka, mvuto huongezeka.

Wavu huo haumalizi mbu, ambao hawafuati mwanga kama nzi. Shimo lenye maji huzalisha mbu aina ya Culex kwa wingi, na hao ndio waenezaji wakubwa wa matende na mabusha katika miji ya pwani. Dawa iliyojaribiwa Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa ya ajabu kwa wepesi wake: punje za polistirini, zile nyeupe nyepesi kama za kufungia vyombo vya umeme, zilimwagwa juu ya maji ya vyoo hadi zikafanya tabaka linaloelea. Viluwiluwi vya mbu havikuweza kupumua, na mbu wapya hawakuweza kutaga. Pamoja na dawa ya matende waliyopewa wakazi, mbu na maambukizi vilishuka sana. Kwa mwenye choo kimoja, hatua rahisi zaidi ni kuyazuia maji yasiyo ya lazima yasiingie: maji ya bafu yapelekwe kwenye shimo lake lenye mawe, na maji ya mvua yakatwe kwa mfereji unaozunguka banda.

Banda sasa linaweza kushughulikiwa. Sakafu iinuliwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje ili mafuriko ya uani yasiingie. Tofali za zamani zilizo nzima husafishwa na kutumika tena. Sehemu ya chini ya ukuta kwa ndani, hadi kimo cha goti, hupigwa lipu ya saruji, kwani ndiko mikojo na maji hurukia. Bati lipite ukuta ili mvua isilowanishe msingi. Mlango uwe na komeo ndani, jambo dogo linaloamua kama wasichana na wanawake watakitumia choo kwa utulivu, hasa usiku. Taa ndogo ya sola huongeza usalama huo.

Wazee husahaulika katika mipango ya namna hii. Magoti yakishachoka, kuchuchumaa ni mateso, na wengine hupunguza kula na kunywa ili wasiende chooni mara kwa mara. Nguzo au bomba la chuma lililochimbiwa ukutani la kushikilia, kiti cha tofali kilichopakwa saruji laini juu ya tundu, au hata kiti cha mbao kilichokatwa tundu na kinachoondoleka, hubadilisha maisha yao kwa gharama ndogo. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, mlango uwe na upana wa sentimita 80 hadi 90 na ngazi ibadilishwe kuwa mteremko.

Nje ya mlango, hatua chache tu, huwekwa kibuyu chirizi: dumu lililotobolewa na kuning'inizwa kwenye mti, linaloinamishwa kwa kamba inayokanyagwa kwa mguu, na kipande cha sabuni kando yake. Kikiwa mbali, hakitumiwi.

Kazi yote hufaa kufanywa kiangazi, wakati maji ya ardhini yameshuka na zege halinyeshewi. Bwana afya wa kata hujua vipimo vinavyodaiwa na halmashauri, na kumshirikisha kabla ya kuchimba shimo jipya huepusha amri ya kulifukia. Mwenye fedha kidogo hufanya kwa awamu: kibamba cha saruji na mfereji wa maji ya mvua mwaka huu, bomba na wavu mwaka ujao, kuta baadaye.

Choo kilichokarabatiwa huhitaji uangalizi mdogo wa kudumu. Dawa kali za kuua vijidudu zisimwagwe shimoni, kwa kuwa huua pia vile vinavyooza kinyesi na kulifanya lijae upesi. Zinatosha sakafuni kwa kiasi. Ndoo ya maji humwagwa ndani ya bomba la hewa mara kwa mara kuondoa utando wa buibui, na wavu hukaguliwa kila mwaka, kwani ukitoboka bomba hugeuka njia ya nzi. Kamba yenye jiwe hurudishwa shimoni kila kiangazi. Inapoonyesha sentimita 50, vipande vya sakafu huhamishiwa juu ya shimo jipya, na lile la zamani hufukiwa kwa udongo hadi juu. Mayai ya minyoo hudumu muda mrefu humo, kwa hiyo halifukuliwi kabla ya miaka miwili kupita, na alama huachwa ili mtu asije akajenga juu yake.